Seti ya vitofali vya mbao kwa watoto wa awali: tuchonge viungo, au vipande visimame vyenyewe?

Mwanafunzi wa Usanifu (Isevya, Tabora) anauliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu wote nawasalimu. Sisi ni kikundi cha wanafunzi wa usanifu wa bidhaa tuliopo Tabora mjini kwa mafunzo kwa vitendo, na tumepokelewa katika karakana moja ya useremala. Kazi tuliyopewa ni kubuni seti ya vipande vya mbao vya kujengea, itakayotumiwa na watoto wa darasa la awali wenye umri wa miaka mitano hadi sita, na sharti lake ni kwamba itengenezwe kwa mabaki yanayozagaa karakanani. Mabaki hayo kwa sehemu kubwa ni ya mninga: vichwa vya mbao zilizokatiwa vitanda, milango na makabati, vifupi mno kuwa hata mguu wa stuli, ambavyo mwisho wake huwa ni kuni.

Tumechora michoro mingi lakini bado hatujakata, kwa sababu kikundi kimegawanyika. Baadhi ya wenzetu wanataka kila kipande kiwe na kijiti upande mmoja na tundu upande wa pili, ili vipande vishikane na mtoto aweze kuliinua gari alilolijenga na kwenda kumwonesha mwenzake. Hoja yao ina uzito, kwani mtoto wa huku aliyezoea kuunda gari la mabua kwa kulichoma vijiti anaijua tayari raha ya kitu kinachoshikana. Upande wa pili, ambao mimi ninauelemea, unasema vipande viwe vitupu kabisa, bila tundu wala kijiti, visimame kwa uzito wao na kwa usahihi wa vipimo vyao, kwa sababu kiungo humwambia mtoto mapema mno kipande kiende wapi.

Tunaomba ushauri wa mafundi, walimu na wasanifu. Je, vipimo vya vipande vichaguliwe kwa kufuata nini? Mninga unafaa kwa kazi hii, au tutafute mbao nyepesi zaidi? Na mwisho, tupake nini juu ya mbao ambayo mtoto ataishika kutwa na pengine kuitia mdomoni? Ninaliuliza jambo hili kwa dhati, kwa kuwa vitu vingi vya kuchezea vinavyouzwa madukani huja vimekwisha kukamilika, na gurudumu likivunjika mchezo umekwisha. Tungependa darasa lipate kitu kinachoanza upya kila asubuhi.

Fundi wa Ng'ambo (Tabora) anajibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kuona wanafunzi wanauliza kabla ya kuwasha msumeno.

Jibu la vipimo liko kwenye ubao wenyewe, wala halihitaji kutafutwa mbali. Mbao zinazofika karakana zetu nyingi ni za inchi moja au inchi mbili. Ubao wa inchi moja una milimita 25 na kitu, na ukishapigwa randa pande zote mbili hadi unyooke hubaki na 20 au 22. Kwa hiyo fanyeni milimita 20 kuwa unene wa vipande vyote, kisha upana uwe mara mbili yake, yaani 40, na urefu mara mbili ya upana, yaani 80. Uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4 una faida ambayo mtoto ataigundua kwa mikono yake: vipande viwili vikilala bega kwa bega upana wake ni sawa na urefu wa kimoja, na vikipandana kimo chake ni sawa na upana wa kimoja. Mkichagua vipimo kwa kupendeza macho kwenye karatasi, mtapoteza robo ya kila ubao kwenye maranda na bado vipande havitaelewana.

Sasa usahihi. Kipande kimoja kikizidi nusu milimita kwa unene, hakuna atakayekiona. Lakini mtoto akipandisha vipande kumi vya namna hiyo, na kando yake akapandisha kumi vilivyo sawasawa, nguzo moja itaizidi nyingine milimita 5, na daraja atakaloliweka juu litainama. Mtoto atadhani kosa ni lake. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi katika kazi hii, kuliko hata kipande kibaya kwa sura. Pigeni randa mbao zote kwa mpangilio mmoja wa mashine na kwa siku moja, msiguse mpangilio mpaka mmalize, na kila baada ya mbao chache pimeni kwa kalipa badala ya futi ya utepe.

Katika kukata urefu, msichore kila kipande kwa penseli. Fungeni kizuizi cha mbao kwenye meza ya msumeno, kila kipande kiguse hapo kabla ya kukatwa. Kona ya chini ya kizuizi hicho ikateni mshazari kidogo, ili vumbi la mbao lipate pa kuingia. Bila hivyo vumbi hujikusanya mbele ya kizuizi, kipande hakifiki mwisho, na taratibu vipande vinaanza kuwa vifupi bila ninyi kujua. Halafu kumbukeni kwamba msumeno nao unakula. Meno yakiwa na upana wa milimita 3, kipande cha 80 mkikigawa katikati hampati viwili vya 40, mnapata viwili vya 38 na nusu. Nusu ikatiwe kizuizi chake chenyewe. Vilevile, ubao wa mita moja kwa hesabu ya haraka unatoa vipande 12 vya milimita 80, na njia za msumeno zikijumlishwa inafika 993. Kwa kuwa kichwa cha ubao lazima kinyooshwe kwanza, hesabuni 11 na mshukuru mkipata zaidi.

Mninga unafaa sana. Ukishakauka vizuri hautembei, hauvimbi ovyo, randa inapita vizuri na rangi yake haihitaji msaada. Uzito wake ni wa wastani, takriban gramu 0.6 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo kipande chenu kitakuwa na gramu 38 hivi, kizito vya kutosha kusimama na chepesi vya kutosha kumwangukia mtu mguuni bila kilio. Yapo mambo matatu ya kuangalia. Ule weupe wa pembeni mwa gogo msiutumie, kwa sababu wadudu wanaotoboa mbao wanaupenda. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua kwa baadhi ya watu, basi vaeni barakoa. La tatu, mkichanganya mninga na msindano katika seti moja, hakikisheni mbao zote zimekauka sawa, na kabisa msitumie msindano uliotiwa dawa ya mchwa, ule wenye rangi ya kijanikijani, hata kama ni mabaki ya bure.

Kuhusu viungo, mimi nipo upande wako. Mbao haibadiliki sana kwa urefu, lakini kwa upana na unene hupumua kufuata hewa. Kijiti ukikikaza vizuri mwezi wa saba, wakati Tabora ni kavu na upepo unapasua midomo, mwezi wa pili katikati ya masika kitavimba na mtoto hatakitoa. Ukikilegeza ili kitoke wakati wa masika, kiangazi kitacheza tunduni. Kiungo cha mlango huwa tunakitia gundi na yanaisha; ninyi mnataka kiungo kinachofunguka kila siku mwaka mzima, na hilo mbao haiwapi kirahisi.

Mwalimu wa Awali (Urambo) anajibu:

Nimesoma maelezo ya fundi mara mbili na ninayaunga mkono, isipokuwa ningependa suala la viungo lisifungwe haraka hivyo.

Mtoto wa darasa la awali hapiti njia moja. Akipewa vipande kwa mara ya kwanza huvibeba tu, anavijaza kwenye kikapu na kuvimwaga. Baadaye anavipanga kwa mstari sakafuni, na kwa watoto wa huku mstari huo mara nyingi ni treni, yenye behewa na honi, kwa kuwa treni ndiyo kitu kirefu kuliko vyote walivyowahi kuona kikitembea. Kisha anaanza kupandisha, na siku moja anasimamisha vipande viwili vilivyoachana na kuweka cha tatu juu yake. Hiyo ndiyo hatua ninayoisubiri kwa kila mtoto, kwa maana hapo amepata mlango, daraja na paa kwa mpigo mmoja, na amepima nafasi kwa jicho kabla ya mkono. Hatua hiyo anaifikia kwa vipande vitupu. Kipande chenye kijiti na tundu kingemvusha bila yeye kupima chochote.

Lakini wapo watoto ambao mchezo wao ni mwendo. Wao hawajengi ili kutazama, wanajenga ili kusukuma, na kwao gari lisiloweza kusogea bila kuvunjika si gari. Watoto hao wakinyimwa kiungo huacha vitofali na kurudi kwenye waya na vifuniko vya chupa. Kama wasanifu wanaweza kuwapa kitu kidogo, magurudumu na ekseli tu, bila kuharibu vipande vingine, ningeshukuru.

Jambo jingine ni wingi. Seti yenye maumbo mengi ya kupendeza, kila umbo likiwa na vipande viwili tu, huleta ugomvi darasani kila siku. Nipeni vipande vingi vinavyofanana. Zaidi ya nusu ya seti viwe vile vya msingi vya milimita 80, halafu nusu zake na vile virefu vya 160, ambavyo watoto huvitafuta kwa ajili ya paa. Mtoto akitaka kujenga tembe, nyumba ya paa bapa kama ile ya Kwihara walikokaa Livingstone na Stanley, anahitaji vipande virefu vingi vya kulaza juu ya kuta. Kipande kifupi hakivuki chumba. Na akitaka kujenga nyumba ya msonge atahangaika na pembe zenu zote, kwa hiyo fikirini pia juu ya vipande vichache vyenye mkunjo.

Naomba pia msiweke picha ya kitu kilichokamilika juu ya sanduku. Nimeona namna picha hiyo inavyogeuka mtihani, na watoto wakaanza kuniuliza kama wamepata au wamekosa.

Mwisho, tengenezeni na ubao mpana wa kujengea juu yake. Madarasa yetu mengi watoto huketi kwenye mkeka, na juu ya mkeka hata kipande kilichokatwa kwa ustadi wote wa fundi hakitasimama wima.

Mwalimu wa Sanaa (Kigoma) anajibu:

Habari za Tabora. Mimi nilisomea usanifu kabla ya kuingia ualimu, na ninaona mjadala huu unagusa swali ambalo wabunifu wa vitu vya kuchezea wamekuwa wakilijibu kwa njia tofauti kwa karibu karne mbili. Ni vizuri wanafunzi walijue, si kwa kuiga, bali ili wajue nani alikwisha kufika wapi.

Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha taasisi yake ya michezo ya watoto huko Bad Blankenburg mwaka 1837, alitengeneza mfululizo wa vifaa alivyoviita zawadi. Zawadi ya tatu ni mchemraba wa mbao uliogawanywa kuwa michemraba midogo 8. Zawadi ya nne ni mchemraba wa ukubwa uleule, lakini umegawanywa kuwa vitofali 8 bapa, na uwiano wa kila kitofali ni 1 kwa 2 kwa 4, ndio huohuo uliotajwa na fundi kwa sababu za ubao wa inchi moja. Mapema katika karne ya 20, mwalimu Caroline Pratt wa New York alitumia tena uwiano huo kwa vipande vikubwa zaidi, vyenye unene wa takriban milimita 35, upana 70 na urefu 140, na shule nyingi duniani bado zinavitumia. Katika vyote hivyo hakuna tundu wala kijiti.

Wapo waliokwenda mbali zaidi katika ufinyu. Mholanzi Tom van der Bruggen alitoa mwaka 1987 seti iitwayo Kapla, yenye umbo moja tu: kibao chembamba ambacho upana wake ni mara tatu ya unene na urefu wake ni mara tano ya upana. Watu hujenga nacho minara mirefu kuliko wao wenyewe bila gundi. Kinyume chake, Alma Siedhoff-Buscher, aliyekuwa mwanafunzi katika shule ya Bauhaus mjini Weimar, alibuni mwaka 1923 seti ya vipande 22 vyenye rangi na maumbo tofauti, ambavyo vikipangwa kwa namna moja hufanya merikebu, na vikipangwa kwa namna nyingine hufanya chochote. Ninamtaja kwa sababu alikuwa mwanafunzi kama ninyi, na kwa sababu aliweza kumpa mtoto picha ya kuanzia bila kumfungia humo. Hapo ninatofautiana kidogo na mwalimu wa Urambo: picha si adui ikiwa vipande vinaruhusu kuiacha.

Sasa viungo. Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala wa Billund, Denmark, na alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Kampuni yake, Lego, ilikuja kupata kiungo kinachokaza na kufunguka vizuri pale tu ilipokwisha kuhamia kwenye plastiki, na umbo la tofali lenye mirija ndani liliombewa hataza mwaka 1958. Sababu ni ileile ya fundi: plastiki iliyomiminwa katika kalibu haifuati masika wala kiangazi. Kwa hiyo wenzenu wanaotaka kila kipande kiwe na kijiti wanatafuta tabia ya plastiki ndani ya mbao.

Hata hivyo, kuna njia iliyofanya kazi kwenye mbao. Charles Pajeau wa Evanston, Marekani, alitoa seti yake ya Tinkertoy katika miaka ya 1913 na 1914, yenye vijiti na visahani vyenye matundu, na ncha za vijiti vyake zimepasuliwa kwa mfuo mwembamba. Mfuo huo huifanya ncha iwe kama springi: ikiingizwa tunduni inajibana, na pumzi ya mbao haimsumbui mtoto. Mkitengeneza vijiti vichache vya namna hiyo na magurudumu, na kutoboa vipande vichache tu vya seti, kila mmoja darasani atapata chake, na vipande vingi vitabaki vitupu.

La mwisho kutoka kwangu ni usalama, na hili lifanyieni hesabu kabla ya kukata. Kanuni ya kimataifa ya usalama wa vitu vya kuchezea, ISO 8124-1, inatumia silinda ya kupimia yenye kipenyo cha ndani cha milimita 31.7 na kina kinachoanzia 25.4 na kuishia 57.1 kwa mshazari. Kitu chochote kinachozama chote ndani yake hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa hatari ya kumkaba. Darasa lenu ni la watoto wakubwa, lakini vipande vitafika nyumbani mifukoni, na nyumbani kuna anayetambaa. Nusu yenu ya milimita 40 kwa 40 kwa 20 haiingii. Nguzo nyembamba ya 20 kwa 20 kwa 80 inaingia kwa upana lakini inabaki imechomoza, basi nayo inafaa. Mchemraba wa milimita 20, ambao najua mtataka kuutengeneza kwa kuwa ni mzuri sana, unazama wote. Uacheni. Magurudumu nayo yasipungue kipenyo cha 40.

Mwanafunzi wa Usanifu (Isevya, Tabora):

Ninawashukuru sana wote. Nimewasomea wenzangu majibu haya karakanani na mabishano yamegeuka kazi. Tumekubaliana kipande cha msingi kiwe 80 kwa 40 kwa 20, pamoja na nusu yake, kirefu cha 160, na nguzo nyembamba. Vijiti vyenye mfuo na magurudumu vitakuwa katika mfuko wake wa kitambaa, ili mwalimu aamue siku ya kuvitoa.

Kuhusu mkunjo, tumechora tao kutoka kipande cha 160 kwa 80, ambacho katikati yake tunakata nusu duara yenye nusu kipenyo cha milimita 40. Nusu duara inayotoka hatuitupi; nayo inakuwa kipande, na mtoto akipanga nusu duara kwa mzunguko anaanza kukaribia msonge. Kuna kitu kingine tulichokigundua tulipokuwa tukipiga hesabu ya sanduku, na kimetufurahisha kupita kiasi. Sanduku la mchemraba lenye sentimita 16 kila upande kwa ndani linameza vipande vya msingi 64 kamili, viwili kwa urefu, vinne kwa upana na vinane kwa kimo, bila nafasi hata moja kubaki wazi. Virefu na nusu vikichukua nafasi ya vya msingi bado linajaa, kwa sababu kirefu kimoja ni viwili na nusu mbili ni kimoja. Kuvirudisha sandukuni kumekuwa mchezo wenyewe. Uzito wake wote, mbali na sanduku, unafika kilo mbili na nusu, ambao watoto wawili wanaweza kuubeba.

Nabaki na maswali mawili kwa fundi. Namna gani tupasue ncha za vijiti bila kuzivunja? Na lile la mipako halijajibiwa: duka la vifaa wanatushauri vanishi.

Fundi wa Ng'ambo:

Hapo mmefika. Sanduku lenyewe liongezeni milimita 2 au 3 kila upande kwa ndani, la sivyo masika ya kwanza mtavitoa vipande kwa patasi.

Vijiti vitokane na mbao yenye uzi ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Ukiona uzi unakimbilia pembeni, hicho ni cha kuni. Kwa kijiti cha milimita 8, toboeni kwanza kitundu kidogo cha milimita 2 kinachotokeza upande wa pili wa kijiti, kiasi cha milimita 15 kutoka kwenye ncha, kisha pasueni kwa msumeno mwembamba wa chuma mpaka mfuo ufike kwenye hicho kitundu. Kitundu kinauzuia mpasuko usiendelee kijiti kinapobanwa. Bila hicho, siku ya pili kijiti kimekuwa viwili. Ncha zenyewe zizungusheni kwa msasa ziwe butu, kwa sababu watoto wanakimbia na vitu mikononi.

Vipande vyote vipitisheni msasa namba 120, halafu 180, halafu 220, mkifuata uzi wa mbao. Msasa uwekwe mezani na kipande ndicho kisuguliwe juu yake, msiushike msasa kwa vidole, kwa maana vidole hula kona zaidi kuliko katikati na kipande kinapata tumbo. Kona zote na kingo zote ziondolewe ukali kwa kiasi cha milimita moja tu. Mkizidisha, vipande vitakuwa na sura laini lakini vitapoteza uso wa kukalia na nguzo zitayumba.

Vanishi siitaki kwa kazi hii. Inafanya uso uwe telezi, vipande vinateleza juu ya vingine, na ikianza kubanduka inabanduka kwa magamba ambayo yataishia mdomoni. Tabora hatujaishiwa nta ya nyuki; changanyeni sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta ya alizeti kwa uzito. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo haihitaji moto mkali. Wekeni chombo chenye nta na mafuta ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya jiko, maana ikishika moto haizimwi kwa maji. Ikiyeyuka koroga, acha ipoe iwe kama mafuta ya kujipaka, kisha pakeni kwa kitambaa, kidogo sana, na baada ya dakika chache futeni mpaka kitambaa kikauke. Mafuta ya alizeti hukauka polepole, basi vipande vikae wiki kadhaa penye hewa kabla ya kwenda darasani. Mafuta ya mawese msijaribu, na mwalimu wa Kigoma anisamehe: yanabaki yakinata na kuacha rangi mikononi.

Mwalimu wa Sanaa (Kigoma):

Umesema kweli kuhusu mawese, fundi, na huku tunayaacha jikoni. Ninaongeza moja tu kuhusu rangi, kwa kuwa mwanafunzi hakuiuliza lakini najua itakuja. Mninga kutoka ubao mmoja hadi mwingine hutofautiana kutoka kahawia ya asali hadi wekundu wenye michirizi, na mabaki yenu yanatoka kwenye mbao nyingi. Msivipange vipande kwa rangi wala kuvichagua vifanane. Mtoto atavitenganisha mwenyewe, na atatumia tofauti hiyo kwa sababu zake.

Mwalimu wa Awali (Urambo):

Mkimaliza seti ya kwanza, naomba kabla hamjatengeneza ya pili mje mketi darasani asubuhi moja, nyuma kabisa, bila kumwelekeza mtoto yeyote. Leteni daftari, mwandike ni vipande gani vinagombewa na ni vipi vinabaki sandukuni. Vinavyogombewa viongezeni. Vinavyobaki msiviondoe mara moja. Nusu duara, kwa mfano, huwa inasubiri muda mrefu mpaka mtoto mmoja aitumie, na kuanzia hapo darasa zima linaitaka. Shule ikifunguliwa mwezi wa saba nipo, na barua ya kumwomba mwalimu mkuu ruhusa nitawasaidia kuiandika.

Mwanafunzi wa Usanifu (Isevya, Tabora):

Tutakuja, mwalimu, na tutaleta na ule ubao wa kujengea juu yake. Tunaanza kupiga randa wiki hii, mbao zote kwa siku moja kama fundi alivyoelekeza.